Chumba cha Mfyozi

Jumatatu, 6 Oktoba

Mwalimu mwenzangu Charline tena! Ukurasa mmoja wa kile kitabu cha kale cha misioni, dakika arobaini. Kila neno anabonyeza simu impe maana. "Staha" — anabonyeza. "Ghaibu" — anabonyeza. Huko si kusoma, ni kupapasa! Nikamwambia hivyo mbele ya walimu wote. Muzee Niyibizi, aliyefundisha pwani miaka ishirini kabla ya kurudi hapa Ndosho, akanitazama juu ya miwani. "Madame Wivine, wewe ni mfyozi hasa."

Mfyozi! Sikubonyeza kitu. Sifa mtu huisikia tu. Ni msomi, ila zaidi ya msomi.

Jumatano, 8 Oktoba

Mkuu wa shule amenipa chumba cha kusomea. Kwa majaribio! Wazazi wakija kukiona Jumamosi wakakipenda, kitabaki changu. La sivyo anapewa Charline na kidole chake.

Jina la chumba ninalo tayari.

Ijumaa, 10 Oktoba

Zihindula, mchoraji wa vibao, ananiuliza: "Mama, hii neno ni Kiswahili ya wapi? Mi siiyue." Nikamwambia achore, asifikiri. Mtu anayeandika "coiffure" ya saluni kwa f moja!

Lakini kibao kimependeza. Herufi nyekundu, kinasomeka toka barabarani: CHUMBA CHA MFYOZI. Nimefurahi mpaka machozi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wazazi wamejaa, viti vimekwisha. Charline akaanza kuwasomea kile kitabu cha misioni. Ukurasa wa tatu akakwama — nilijua! Akabonyeza. Akanitazama, akatazama kibao mlangoni, akaninong'oneza kwamba neno hili afadhali aliruke.

Nikasema kwa sauti, wazazi wasikie: neno gani tena linamshinda?

Akanipa simu.

"Mfyozi: mtu mwenye mazoea ya kusema na wenzake kwa dharau, safihi."

Safihi nayo sikuijua. Nikabonyeza. Mtu asiye na adabu.

Naandika nyuma ya kabati la vitabu. Masikio yanawaka kwa aibu. Charline anawaambia wazazi kwamba Madame ameenda kunywa maji, anarudi. Ananitetea! Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Pikipiki ya taksi-moto imesimama nje. Muzee Niyibizi huyo. Amevaa miwani, anasoma kibao kwa sauti ya darasani, silabi kwa silabi. Kisha mama mmoja anamuuliza:

"Muzee, ile neno ya mwisho, maana yake ni nini?"