Zalio Lililomtetea Mwanajuma

Bi Zuhura, mwalimu wangu wa ukunga,

Shikamoo. Tangu tukuzike tumepata bendera mpya, na hapa Bofu pekee nimeshapokea watoto watatu waliopewa jina la Uhuru. Wengine wakiniona mlangoni bado huuliza, "Hakuna mkunga mkubwa zaidi?" Nacheka, naingia.

Nina habari ya Mwanajuma, mke wa Salimu baharia. Alijifungua adhuhuri moja, binti mwepesi kama kifaranga. Bi Saumu, mavyaa yake, alimtazama mtoto, akahesabu kwa vidole. "Huyu ni wa miezi saba," akasema. "Na mwanangu ana miezi tisa yuko melini."

Majirani wakatazamana. Mwanajuma akageukia ukuta, akalia.

Niliogopa, Bibi. Kisha nikakumbuka ulivyonikataza kufukia zalio kabla ya kuligeuza juu na chini. "Litazame, mwanangu. Mtoto hulishwa na hili akiwa tumboni." Nikaliweka kwenye sinia. Lilikuwa dogo mno, lina mabaka meupe, magumu. Nikamshika mtoto: kucha zimepita ncha za vidole, nyayo zimejaa mikunjo.

"Njoo utazame, Bi Saumu," nikamwambia. "Wa miezi saba hana nyayo hizi. Huyu ametimiza miezi yake. Zalio lilikuwa dogo, chakula kikamfikia kidogo."

Akainama, akaushika ule mguu muda mrefu. Mwishowe akasema, "Basi ana njaa. Mpeni titi."

Tukamlaza kifuani mwa mamake, ngozi kwa ngozi, anyonye kila mara. Akichoka, tunamkamulia maziwa na kumnywesha kwa kijiko. Kijiko chenyewe Bi Saumu hakutaka mtu akiguse.

Sasa mashavu yamejaa. Bi Saumu alimwomba Mwanajuma radhi, mbele ya majirani walewale. Salimu karudi juzi. Kumpakata tu, binti akamkojolea kanzu ya Ijumaa. Bi Saumu alicheka hadi akakaa chini, na sasa adai paji la uso la mtoto limetoka kwake.

Lakini sikufichi, Bibi: nilipaswa kuujua udogo wa mtoto huyu angali tumboni. Ahadi yangu ni hii. Mwanajuma akishika mimba tena, nitampima tumbo kila mwezi, na likizubaa kukua nitavuka naye feri mwenyewe hadi hospitali.

Kwaheri, Bibi. Mola akupe makao mema.

Mwanafunzi wako,
Mwanaisha