Mahindi Aliyoyapanda Baba Kadzo

Jumatatu, 3 Juni

Nimewasha moto, nimempa mavyaa, mamake Baba Kadzo, uji, nimemsuka Kadzo akaenda shule. Halafu shamba. Mahindi yamekwama magotini, majani ya manjano. Chini yake yale magugu ya maua mekundu. Mazuri. Hilo ndilo linaloniudhi.

Baba Kadzo aliyapanda kwa mkono wake, mvua ya kwanza. Hakuyaona yakichipua. Sijalia tangu tumzike. Watu wanasema nina moyo. Sina kitu.

Alhamisi, 6 Juni

Palizi ilitupita. Tulikaa matanga, na kwetu jembe haliguswi mwenye shamba akiwa bado analiliwa. Tulipoanua matanga magugu yalishajaa. Nimeyakata. Yamerudi.

Ijumaa, 7 Juni

Bibi shamba amekuja kutoka Gede. Msichana tu, ameniamkia shikamoo. Aling'oa shina moja la mahindi na ua lake jekundu, akakung'uta mchanga. Mizizi imeshikana. Akasema hiki ni kiduha, kinanyonya mahindi.

Nilivyoelewa. Mahindi yakiwa na njaa, mizizi hutoa kitu cha kuita. Homoni. Nikamuuliza, kama hizi zetu wanawake? Akacheka. "Mimea nayo inazo, mama." Mchangani kuna kuvu wema. Wakisikia wito huingia mizizini, huleta chakula kutoka mbali, nao hupewa sukari. Lakini mbegu ya kiduha imelala papo hapo na inasikia wito uleule. Inaamka. Mchanga wetu umechoka, kwa hiyo mahindi yanaita sana. Mwizi naye anasikia sana.

Anasema mahindi haya hayazai tena. Yang'olewe yote, yachomwe kabla kiduha hakijamwaga mbegu, maana zikianguka zitatungoja miaka. Tutie samadi, tupande kunde. Kunde nazo humwamsha mwizi huyo, lakini hapati pa kunyonya. Anakufa na njaa yake.

Mahindi yanaita. Mimi hata kuita siwezi.

Jumapili, 9 Juni

Mavyaa amekataa. "Mwanangu umeshamzika. Sasa unang'oa na kazi ya mkono wake?"

Ana haki. Na mimi naogopa. Nikiyang'oa, tutasonga ugali wa nini? Nikiyaacha, mwakani je?

Kadzo amekula nusu sahani, akasema ameshiba. Mtoto ameanza kunidanganya kwa kunihurumia.

Jumatano, 12 Juni

Nimeng'oa. Nilianza peke yangu, Kadzo akiwa shule. Mikono ilifanya, mimi sikuwepo.

Nilipofika katikati nikamwona mavyaa amekaa kwenye kigoda chake ukingoni. Nikadhani amekuja kunitukana. Akanyoosha mikono. Nikawa ninampa, yeye anapanga, vichwa upande mmoja, kama anamlaza mtu.

Nikatoa kiberiti. Akakichukua. Moto amewasha yeye. Ni mwanawe.

Ijumaa, 14 Juni

Samadi ya mbuzi. Kunde. Mgongo.

Jumamosi, 13 Julai

Kunde zimetambaa. Kiduha kimechungulia huku na huku penye nyasi, nakitoa kwa vidole. Leo nimechuma majani ya kwanza, nimeyatia tui. Unga wa dukani, kidogo.

Nimepakua sahani nne. Tuko watatu.

Ile ya nne nikairudisha chunguni. Machozi yakaja, hayakuwa mengi. Kadzo akasogea akaniegemea. Mavyaa akanisogezea sahani yangu.

"Kula, Mama Kadzo. Inapoa."

Nikala.