Mambo ya Kumaliza Kabla Sijampigia

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya tisa bila mke wangu. Yuko kwa dada yake. Hakugomba, hakulia — alikunja nguo zake taratibu, akasema nyumba za watu unazimaliza, yetu unaianza tu. Ukimaliza nipigie. Akaenda zake!

Na mimi ni fundi rangi. Aibu iliyoje. Sebule yangu ina rangi tatu, kila ukuta na yake. Dirisha la chumbani lina kipande cha boksi mahali pa kioo tangu mvua za mwaka juzi. Kazini wananiita Bwana Kesho, nami nacheka nao.

Basi nimenunua daftari. Asubuhi naandika ya kufanya, iliyokwisha naikata kwa mstari. Ya leo: Kusafisha brashi. Kupiga msasa ukuta wa sebule. Kula.

Nimekata zote tatu. "Kula" niliiandika baada ya kula, lakini nani ataniuliza?

Jumatano, 6 Machi

Kuamka — nimekata. Kuchanganya rangi — nimekata. Kupaka sebule yote, rangi moja! — nimekata saa kumi alasiri.

Kumbe ni tamu hivi! Ule mstari wa kalamu juu ya kazi iliyokwisha, nimerudi kuutazama mara mbili. Nikageuka nimwonyeshe. Nani sasa? Ndoo.

Nimemkumbuka mno. Nyumba haina mtu wa kugombana na sufuria. Yeye huzisema moja moja, kwa sauti, eti wewe unaunguza makusudi, wewe nimekuvumilia vya kutosha. Zamani nilidhani ananikera. Leo nimesugua sufuria kimyakimya.

Ijumaa, 8 Machi

Kioo. Kioo! Jana nilipima fremu, leo nimeweka. Miaka miwili ya boksi, na kazi yenyewe nusu saa.

Nimekata, lakini safari hii sikusikia utamu. Nilikaa kitandani nikaona haya peke yangu. Siku zote hizo mwanamke alilala upande wa dirisha, kajifunga mtandio kichwani upepo usimpate. Na hakusema. Yaani alisema, tena sana, halafu akaacha kusema. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Mimi nikafurahi, nikajua ameshazoea.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji kapiga. Kwanza kucheka, ndiyo kawaida yake: eti Bwana Kesho, nasikia umekuwa Bwana Leo? Nikamwuliza mke wangu anasemaje. Hajasema anarudi, hajasema harudi. Anakula vizuri. Mchana analala kidogo.

Analala mchana! Kwangu hajawahi. Nitamlaumu kwa lipi akikaa hukohuko?

Imeniuma hiyo. Nikaongeza kwenye daftari: Rafu za jikoni.

Jumanne, 12 Machi

Rafu. Bawaba za mlango wa choo. Taa ya barazani. Zote nimekata kabla ya saa nane mchana! Sijawahi kuwa hivi tangu nizaliwe.

Alhamisi, 14 Machi

Imebaki moja: Kumpigia simu.

Badala yake nimeandika nyingine. Kupaka tena mlango wa mbele, ambao ulikuwa mzuri tu. Kusugua sakafu. Kunyoosha misumari ya zamani. Jamani, misumari! Nani ananyoosha misumari iliyopinda, mtu mzima na akili zake? Anayeogopa.

Nimejikamata mwenyewe. Nyumba ikiwa nusu, kuna sababu ya yeye kuwa kule. Ikiisha na bado hataki, basi hakuwa anaikimbia nyumba. Alikuwa ananikimbia mimi, na mimi sijui napakwa rangi gani.

Ijumaa, 15 Machi

Kumpigia simu. Sijaikata.

Jumamosi, 16 Machi

Nimepiga! Saa tatu asubuhi, nimesimama wima, kofia nimevua, sijui kwa nini. Nikamwambia nimemaliza. Nikamwambia na nimekukumbuka, hiyo haimo kwenye daftari. Akasema: nakuja kuona.

Kuona. Hakusema kurudi.

Saa sita huyo mlangoni. Mkoba mdogo tu, sanduku hakuna. Amekonda? Amenenepa? Sikuweza hata kuangalia vizuri. Nikataka kumtembeza, akaninyooshea kidole: kaa jikoni wewe, usinifuate, maelezo yako nayajua. Akapita na viatu vyake mpaka ndani, kama mkaguzi.

Ndiyo niko jikoni. Mikono haina kazi, naandika. Namsikia. Sebuleni alisimama muda mrefu. Akawasha taa ya barazani, akazima. Mlango wa choo akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Mwanamke huyu atanitoa roho.

Sasa yuko chumbani. Nimehesabu mpaka mia, hajatoka.

Nimechungulia. Najua nimekatazwa, lakini nimechungulia. Amekaa ukingoni mwa kitanda. Mkoba bado uko begani. Viatu amevua.