Maji ya Mninga na Damu ya Ng'washi

Karakana ya Mbao,
Pasiansi, Mwanza.
8 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Bernadeta,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje baada ya mavuno? Mimi nipo. Mwili umechoka kwa kubeba mbao kutwa, lakini nakula na nalala. Siku hizi ziwa lina upepo, asubuhi tunaanza kazi tukitetemeka.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatia. Ni habari ya mke wangu, Ng'washi, unayemlea hapo kwako na mimba yake ya miezi saba. Ameniambia kliniki wamempima wingi wa damu, ni nane, na mjamzito anatakiwa afike kumi na moja. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa ameviacha kwa kuwa vinamtia kichefuchefu. Sasa anakunywa maji ya magome ya mninga tu, kutwa mara tatu.

Shangazi, asiyanywe tena.

Usiseme mjini nimejifunza dharau. Magome uliyonitumia Januari ili niongeze damu niliyachemsha nikanywa miezi miwili, sikuruka hata siku moja. Halafu baba yake mwenzangu wa kazi, Obedi, akahitaji damu ya upasuaji, tukaenda kumtolea. Nilijiamini kuliko wote. Nikapimwa: tisa. Nikarudishwa. Obedi akanicheka, "Mihayo, wewe ukikatwa yatatoka maranda."

Nesi aliniuliza nakunywa nini, nikamweleza. Akasema magome yale yana ukakasi kama chai ya rangi iliyokolea. Yakikutana na chakula tumboni yanazuia madini ya chuma, na chuma ndicho kinachotengeneza damu. Ule wekundu wa maji yake ni rangi tu, ileile unayotilia vikapu vyako. Niliacha, nikameza vidonge, nikala dagaa na matembele. Wiki iliyopita nimepimwa kumi na tatu, na damu nimetoa.

Sisemi mninga haufai. Nilipoharisha utotoni ulinifunga tumbo kwa ukakasi huohuo, sijasahau. Lakini damu hauongezi.

Vidonge ameze usiku, akishakula, kichefuchefu kitapungua. Ijumaa mpeleke kliniki, na uwaambie yote aliyokunywa, usifiche.

Wasalimie Malimi na mdogo wangu Queen. Mungu aibariki mikono yako iliyotulea.

Wewe ulikuwepo siku mama alipomzaa Queen na hakuinuka tena. Unajua damu ikiisha inavyokuwa. Unikasirikie mwaka mzima ukitaka, lakini Ng'washi umpeleke.

Mwanao akupendaye,
Mihayo