Mlango wa Meno

Nyumba za wauguzi, nyuma ya ukuta wa gereza
Jumatano, tarehe 9, mwezi wa saba

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu za mdogo wako. Hujambo wewe, wifi hajambo, na wale mapacha wenu wasiojua kukaa chini wanaendeleaje? Na goti lako je, bado linatabiri mvua kabla ya redio? Mimi ni mzima wa mwili. Mama naye hajambo, isipokuwa ile presha yake, na ameanza tena kuficha chumvi kabatini akidhani simwoni.

Nilitamani nikuandikie ya kuchekesha tu, lakini nina jambo lililonikaba roho, na sikuweza kulisema kwenye simu Mama akiwa pembeni. Linamhusu Mbishi, mdogo wetu. Huu ni mwaka wake wa tatu ndani, na Mama bado anaamini yuko jikoni mwa gereza ananenepa.

Unajua kwamba tangu mwaka jana niko na timu ya utafiti inayofuatilia matibabu ya wafungwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI: nani anapata dawa, nani anaziacha, na kwa nini. Kila Jumanne tunaingia gerezani, tunachukua damu, tunahesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo, tunauliza maswali. Siku ya kwanza kabisa nilimweleza daktari anayetuongoza kwamba nina ndugu humo, naye akanikataza kugusa faili lolote la jengo la ndugu huyo. Nimetii.

Shida yetu ya mwanzo ilikuwa mlango. Mfungwa akionekana anaingia kwetu, wenzake wangejua hali yake kabla hajatoka. Tulikaa kikao asubuhi nzima, na wazo nikalitoa mimi: tubandike kibao kilichoandikwa MENO. Kila mtu ana meno, nani atauliza? Daktari akasema mimi ni kichwa. Na kweli nilivimba kichwa siku mbili nzima.

Kaka, miezi minane sasa, hakuna hata mtu mmoja aliyetoka mlango ule akiwa na pengo. Sisi wasomi hatukuliona hilo. Wafungwa waliliona wiki ya tatu. Humo ndani neno "meno" sasa lina maana moja tu. Wakisema fulani ana meno, basi amekwisha. Analazwa karibu na ndoo ya choo, na sahani yake inachorwa alama kwa msumari isije ikachanganywa na za wengine. Watu kumi na mmoja wameacha dawa ili wasionekane kwetu, na mimi ndiye ninayehesabu makopo yao yasiyochukuliwa.

Aliyetunga sheria ya ndoo na sahani ni nyapara wa seli kubwa. Nyapara huyo ni Mbishi. Nimelijua jana.

Aliyeniambia ni mfungwa mmoja, fundi cherehani, jina lake nalihifadhi. Anahudumiwa na mwenzangu, lakini jana alisimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi.

"Sista, nyapara wetu shavu limevimba mpaka jicho limefumba. Chakula hali, maji yenyewe yanamwagika. Tukimwambia aende meno, anarusha kikombe."

Nilimuuliza kwa nini ananiletea habari za mtu aliyemlaza karibu na ndoo.

"Mimi simpendi, sista," akasema. "Ila ninalala pale chini, namsikia anavyopumua."

Daktari alikwenda kumtazama leo asubuhi. Amemkuta kakaa wima ukutani, taulo imezungushwa kichwani kuanzia kidevuni, hataki kufungua mdomo. Ni gego la chini lililooza. Uvimbe umeteremka chini ya kidevu, umekuwa mgumu, na unaelekea shingoni. Daktari si mtu wa kutia chumvi, na ameniambia wazi kwamba ukifunga njia ya hewa, tutakuwa tunahesabu dakika. Mwezi uliopita alikufa mtu katika jengo jingine, tukaambiwa ni homa. Sasa najiuliza homa ile ilianzia wapi.

Daktari wa meno wa kweli hayupo gerezani. Wa kwenda hospitali ya nje lazima aanzie zahanati, na zahanati inapitia mlango ule ule. Mbishi anaogopa kuonekana pale kuliko anavyoogopa kufa. Ameamua kufa na tai shingoni, na wewe unamjua akishaamua. Nina hasira naye, maana wale aliowatupa karibu na ndoo ni wagonjwa wetu. Lakini hasira kubwa ninayo juu yangu. Mlango ule niliupa jina mimi.

Jana jioni nilikibandua kile kibao kwa mikono yangu. Leo asubuhi nimekuta neno lile lile limeandikwa kwa mkaa, kubwa kuliko langu.

Sasa nisikilize, Kaka. Mkuu wa gereza amesema mgonjwa anayekataa hatolewi kwenda kupasuliwa mpaka ndugu aliyeandikwa kwenye faili aweke sahihi. Siku anafungwa, Mbishi aliandika jina lako, si langu. Fomu iko ndani ya bahasha hii; ikishawekwa sahihi, atatolewa moja kwa moja selini bila kupita mlango ule. Picha ya kwenye simu hawaikubali, nimeshawaomba hadi sauti imekauka. Dereva wa basi aliyekuletea barua hii anarudi kesho asubuhi. Weka sahihi mbele yake na umpe mkononi, usimwachie mtu mwingine. Ukiweza, panda basi hilo hilo uje nayo mwenyewe.

Mama usimwambie. Akikupigia, mwambie tumezungumza na kila kitu ni shwari. Dhambi hiyo nitaibeba mimi.

Nisalimie sana wifi, mwambie gauni alilonishonea bado linanikaa. Wabusu mapacha, hata kama watajifuta. Msalimie Shangazi, na Mjomba ukimpata kati ya usingizi na usingizi. Mungu awalinde nyote chini ya paa hilo, na aufanye mwepesi mkono wako na mwendo wa basi.

Ni mimi wa tumbo moja nawe, nikupendaye daima,
Dada yako muuguzi

Nilisahau: kwenye fomu kuna mstari wa sababu ya kupelekwa hospitali. Jina na sababu husomwa kwa sauti uwanjani, wafungwa wote wakiwa wamepangwa mstari, kabla ya mgonjwa kutolewa. Usiandike jino. Andika moyo, andika figo, andika chochote, daktari anajua la kufanya. Mbishi akisikia jino, hatainuka.