Pumzi Kumi Kabla ya Kusaini

Jumanne, 4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila nimejaa hasira, nami nakuletea wewe kwa sababu hapa wodini siku hizi hasira imepigwa marufuku.

Hospitali imetuletea mkufunzi wa kutafakari. Binti mpole, ana mikeka mipya na sauti ya chini. Tunafumba macho, tunahesabu pumzi kumi, kama ulivyokuwa ukinikalisha kwenye kigoda nikiwa na miaka sita, kosa langu domo. Sina ugomvi na pumzi. Ugomvi wangu ni saa. Wamechukua ile nusu saa ya asubuhi tuliyokuwa tukikabidhiana zamu, kitanda kwa kitanda. Sasa nesi wa usiku anaacha daftari mezani anakwenda zake, sisi tuko chumbani tunatulia.

Wiki iliyopita kitanda cha nne alikuwepo bibi wa kufanyiwa upasuaji. Hakutakiwa kula wala kunywa. Nesi wa usiku alijua, akasahau kuandika. Zamani angeniambia kwa mdomo. Mimi nikatoka kwenye mkeka nimetulia kweli kweli, nikampa chai ya maziwa. Chumba cha upasuaji walipomuuliza kama amekula akasema hajala, kwani kwake chai si chakula. Akatapika akiwa kwenye usingizi wa dawa, matapishi yakaingia mapafuni. Yuko hai, lakini kwa oksijeni.

Chai nilimpa mimi, nimekiri. Ila karatasi waliyoniletea inasema ni uzembe wa nesi aliyekosa utulivu licha ya mafunzo. Habari ya ile nusu saa waliyoichukua haimo. Nisaini kabla ya Aprili kwisha, nisiposaini kamati ya nidhamu inaningoja. Nifanyeje?

Binti wa kaka yako

9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Goti linauma kwenye ngazi tu, na ngazi nimeziacha. Pole kwa bibi wa watu, na wewe pole.

Saini. Funika kombe mwanaharamu apite. Nimekuwa mkunga miaka thelathini, karatasi za namna hiyo nazijua. Zinaingia kabatini, na kazi inaendelea. Una watoto wawili, na kamati haina shangazi. Wasalimie wajukuu zangu.

Shangazi yako

15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumai u mzima, maana barua yako haikufanana na mtu mzima ninayemjua.

Nimekwenda kumwona bibi. Anaongea maneno mawili matatu, kisha anachoka. Alinishika mkono akaniomba radhi kwa kutosema kuhusu chai. Aniombe radhi mimi! Halafu nisaini?

Wewe ndiye ulinifundisha kwamba mtu akikaa kimya husikia. Mpaka leo kila asubuhi unakaa kwenye kigoda chako na hatukusemeshi. Unasikia nini hapo, Shangazi?

Binti wa kaka yako

20 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Hapa ni wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu niliandika barua tatu nikazichana.

Kuna mwaka mama mmoja aliingia wodi ya wazazi saa sita mchana na uchungu wake. Nilimpokea mimi. Daktari aliitwa mara tatu, hakuja. Mtoto akafa jioni. Karatasi ikaja imeshaandikwa kwamba mama alichelewa kufika. Nikasaini.

Mama huyo ni fundi cherehani wangu, nyumba ya nyuma. Magauni yangu yote kashona yeye. Akinipima huniambia, "Ningewahi, mkunga, mwanangu angekuwa mtu mzima leo." Nami humjibu ni mipango ya Mungu.

Umeuliza nasikia nini kwenye kigoda. Nasikia cherehani yake.

Usisaini.

Shangazi yako

2 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na ahsante. Barua yako niliisoma chooni, nikalia, nikanawa uso, nikaenda kwenye kamati.

Walikuwa watano. Kalamu ikasukumwa mbele yangu. Nikaomba kwanza pumzi kumi, kama walivyotugharamia kufundishwa. Nikafumba macho. Ya tatu matroni akakohoa. Ya saba kiti cha mwenyekiti kikaanza kulia. Nilizimaliza zote, sikupunja hata moja, kisha nikawaambia, "Chai nilimpa mimi, nitaandika hivyo kwa mkono wangu. Nusu saa ya kukabidhiana zamu mliichukua ninyi. Na ninyi andikeni."

Wamenihamishia stoo ya mashuka. Nakunja mpaka naota nakunja. Lakini stoo imepakana na chumba cha mikeka, na leo asubuhi nimesikia nesi wa usiku anaingia, anakaa, anaanza: kitanda cha kwanza, homa imeshuka, cha pili, asile. Mkufunzi hakumnyamazisha. Alisema kwa ile sauti yake, "Vuteni pumzi. Kitanda cha tatu." Nikachungulia, nikamwona matroni anafungua mlango wao, anaangalia, anaufunga. Sijui watawahamishia wote stoo? Mashuka hayatoshi.

Binti wa kaka yako

11 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Goti limevimba maana nimepanda ngazi za watu.

Nilikwenda kwa fundi. Nikamwambia, "Hukuchelewa. Ulifika saa sita mchana. Nilikuwepo, na nilisaini uongo." Akasimamisha cherehani. Akaniuliza tena ni saa ngapi. Nikarudia. Akataka niandike. Nikaandika kwenye daftari lake la vipimo, chini ya kiuno changu na mabega yangu, nikaweka saini. Alisoma mara mbili, akalikumbatia lile daftari. Halafu akaniambia nitoke, nisirudi. Gauni langu alilokuwa amelifikisha nusu akanipa mkononi.

Nimelia, sikufichi. Sikumlaumu.

Gauni nimelimalizia mwenyewe. Mkono mmoja umekuwa mrefu kuliko mwenzake. Jumamosi nakuja kukusaidia kukunja mashuka, na nitalivaa hivyo hivyo.

Shangazi yako