Plasta ya Mama Yako

Kiuruvesi,
Finland.
26 Januari

Mpendwa mpwa wangu Tuija,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi ya kupasua magogo. U hali gani? Mumeo Bengt na watoto je? Natumaini baridi ya huko Göteborg haijawapa mafua. Mimi ni mzima kama chuma. Juzi nimevua samaki kwenye tundu la barafu, mkubwa hata nikalipanua tundu kwa shoka. Jirani Eino ni shahidi, ingawa yeye husema alikuwa wa kiganja.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya samaki.

Mama yako hukuambia kwenye simu kwamba hajambo. Hajambo gani? Moyo, kisukari, magoti, na mgongo ule wa tangu enzi za kukamua ng'ombe. Kila ugonjwa na daktari wake, kila daktari na bili yake. Na mambo ya huku unayajua: Januari ikiingia hesabu ya kujilipia inaanza upya, mpaka ufike kiwango ndipo serikali ikubebe. Kwa pensheni ya mjane wa mkulima, kufika huko ni kuvuka ziwa kwa magoti.

Basi akachagua. Dawa za moyo na sukari alinunua. Zile plasta zenye dawa kali ya maumivu, za kubandika begani, akaziacha dukani, akabaki na moja ya mwisho. Nilipomgombeza akanijibu, "Moyo ndio unaua, Reijo. Maumivu yanasumbua tu."

Jumamosi nikawasha moto wa sauna kama kawaida, chumba kikajaa mvuke. Muuguzi alishamwonya mama yako asiingie na plasta. Yeye akadhani wanahofia maji yataibandua, maana ikibanduka haishiki tena. Akaifunika kwa nailoni na gundi, akaingia. Kumbe kinachoogopwa ni joto. Linaisukuma dawa mwilini kwa mpigo mmoja. Nilimkuta amelala kwenye benchi la chini, midomo ya buluu. Nikambeba hadi ndani ya nyumba, uchi kama nilivyozaliwa, theluji kiunoni. Haya, magotini. Lakini nilimbeba, Tuija, na alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Hilo silitii chumvi.

Hospitali walimzindua. Sasa yuko nyumbani, na bili ya gari la wagonjwa nayo imeshafika. Habari za plasta hataki kuzisikia. Daktari anasema zinafaa, mradi akae mbali na joto. Nikamwambia nitalipa mimi, fedha ninazo tele. Akacheka kidogo. "Fedha zako kama samaki wako, mdogo wangu. Nyingi mpaka tuzione."

Nikauza mashine ya boti. Plasta ziko mezani kwake, pakiti haijafunguliwa. Anasema nimekopa, nizirudishe. Mimi haniamini; wewe atakusikiliza. Njoo. Usiseme nimekuandikia, sema tu umeikumbuka theluji.

Asubuhi hii nilimuuliza anaumwa kiasi gani. Akasema kidogo tu. Alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akingoja niondoke ndipo ajaribu kukaa.

Msalimie Bengt, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mke wangu Sirkka anakusalimu sana, na Eino pia. Mungu akufungulie njia, akufikishe kabla uvumilivu wa mama yako haujamwisha.

Ni mimi mjomba wako akupendaye,
Reijo